Pikipiki ya umeme: Mnunuzi wa Kaole apime chaji ya mchana kabla ya mwendo

Agosti 2022 bei kikomo ya petroli jijini Dar es Salaam ilifikia shilingi 3,410 kwa lita. Bei hiyo imepanda na kushuka tangu wakati huo, lakini swali lililozuka halijaondoka: je, mwenye bodaboda aachane na petroli na kununua pikipiki ya umeme?

Jibu la Kigali si lazima liwe jibu la Kaole. Nchini Rwanda kampuni ya Ampersand ilianza biashara mwaka 2019 kwa vituo ambavyo dereva huacha betri iliyokwisha na kuchukua iliyojaa. Nairobi, kampuni ya Roam imetoa pikipiki aina ya Roam Air yenye nafasi ya betri mbili za kuchomoa. Miji hiyo ina abiria wengi katika eneo dogo. Kaole ni kijiji kilicho kilomita zipatazo 5 kutoka mjini Bagamoyo, maarufu kwa magofu yake, na dereva wake hutegemea safari za kwenda na kurudi mjini, pamoja na za Mbegani na vijiji vya jirani. Mnunuzi wa hapa anapaswa kulinganisha vyombo kwa mazingira hayo.

Sokoni kuna aina tatu. Ya kwanza ina betri iliyofungwa ndani, na chombo chenyewe hupelekwa kwenye plagi. Ya pili ina betri ya kuchomoa, inayochajiwa chumbani. Ya tatu hutegemea kituo cha kubadilishia betri, na mara nyingi betri hubaki mali ya kampuni.

NGUVU NA MWENDO

Mota ya umeme hutoa nguvu yake ya kuvuta tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Haina klachi wala gia za kubadilisha, hivyo kuondoka na abiria kwenye mchanga ni rahisi kuliko dereva wa petroli anavyotarajia. Tatizo huja baadaye. Muuzaji hutaja nguvu za aina mbili: ya kilele, ambayo mota huitoa kwa muda mfupi, na ya kudumu, ambayo huweza kuitoa kwa muda mrefu bila kuchemka. Mnunuzi aulize ya kudumu, kwa sababu abiria wawili na gunia kwenye njia ya mchanga ni mzigo wa muda mrefu.

Aidha, ipo tofauti ya mahali mota ilipo. Iliyo ndani ya gurudumu la nyuma haina mnyororo wa kukatika wala kulainishwa, lakini huongeza uzito wa gurudumu, na kuziba pancha huchukua muda zaidi kwa kuwa kuna nyaya za kuchomoa. Iliyo katikati ya fremu huzungusha gurudumu kwa mnyororo. Hiyo fundi wa kijiweni ataizoea upesi, na gurudumu lake hufunguliwa kama la pikipiki nyingine.

Spidi ya juu kabisa isiwe kigezo cha kwanza. Sheria inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na kadiri mwendo unavyoongezeka upepo hula betri kwa kasi zaidi. Dereva atakayetoka Bagamoyo kuelekea Bunju kwa kilomita 70 kwa saa asitegemee kupata umbali ulioandikwa kwenye karatasi ya muuzaji.

STAREHE

Hapa umeme una sifa zake. Hakuna mtetemo wa injini, na hakuna ekzosi ya kumuunguza abiria mguu. Dereva anayekaa kitini saa kumi kwa siku hunufaika zaidi ya wote.

Hata hivyo, kiti kipimwe kwa watu wawili wazima, si kwa dereva peke yake dukani. Shokamzoba za nyuma zijaribiwe na mzigo, hasa kwa chombo chenye mota ndani ya gurudumu, kwani uzito huo hugonga kila shimo. Ukimya nao una gharama yake: mtoto au mzee anayevuka njia hasikii chombo kikija, hivyo honi lazima iwe nzima wakati wote.

UMBALI

Umbali hautegemei sifa za kampuni. Hutegemea ukubwa wa betri ukigawanywa kwa matumizi. Betri ya volti 72 na ampea-saa 45 hubeba uniti 3.24. Kwa kazi ya abiria, makadirio ya uniti 4 kwa kilomita 100 ni ya wastani. Betri hiyo basi itatoa kilomita 81 hadi kwisha kabisa. Dereva mwangalifu huacha akiba, hivyo ahesabu kilomita 70.

Betri huchoka kadiri inavyotumika. Ile ya risasi na asidi ni rahisi kununua, lakini ni nzito na hufa mapema. Betri ya lithiamu yenye madini ya chuma na fosfati huvumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi. Mkataba wa mauzo uonyeshe aina ya betri, muda wa dhamana, na kiwango cha uwezo ambacho betri ikishuka chini yake muuzaji ataibadilisha.

KUCHAJI

Chaja ya kawaida ya betri hiyo huvuta umeme unaokaribia wa pasi ya nguo, na kuijaza betri tupu huchukua saa nne hadi tano. Usiku si tatizo. Swali ni mchana: je, dereva ana mahali pa kuchomeka kwa saa moja na nusu wakati abiria ni wachache?

Kwa mpangaji anayechangia Luku na wenzake, jambo hilo litaleta ugomvi lisipopatanwa mapema. Dawa yake ni mita ndogo ya pembeni inayoonyesha uniti za pikipiki peke yake.

Ipo pia hesabu ambayo wengi huisahau. Katika bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi D1 alipangiwa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na 350 kwa kila uniti inayozidi. Kundi la T1 lilipangiwa 292. Hizo zote ni kabla ya kodi na tozo. Pikipiki inayotumia uniti 4.6 kwa siku itakula karibu uniti 120 kwa siku 26 za kazi, na nyumba haitabaki tena kwenye unafuu wa D1. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 60 kisha ikahamishiwa T1 italipa zaidi ya awali shilingi 14,000 hivi kwa mwezi kwa taa na friji zilezile.

Kukatika kwa umeme nako kuhesabiwe. Mgao wa mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 ungemwacha dereva wa umeme kijiweni huku mwenzake wa petroli akiendelea kupakia. Upepo wa bahari wenye chumvi pia hula vichwa vya nyaya, hivyo plagi ya chombo iwe na kifuniko kinachobana. Betri iliyotoka kazini ikiwa ya moto ipoe kwanza ndipo ichajiwe.

HESABU YA SIKU

Mfano ufuatao unachukua duru 10 za Bagamoyo na Kaole, yaani kilomita 100, na mapato ya shilingi 3,000 kwa kila duru. Petroli imewekwa shilingi 3,000 kwa lita na matumizi ya kilomita 40 kwa lita. Umeme umewekwa shilingi 356 kwa uniti, ambayo ni bei ya T1 pamoja na kodi na tozo, na upotevu wa chaja umeingizwa. Msomaji abadilishe tarakimu kulingana na hali yake.

Petroli, duru 10: mapato 30,000, mafuta 7,500, baki 22,500.

Umeme bila chaji ya mchana, duru 7: mapato 21,000, umeme 1,150, baki 19,850.

Umeme pamoja na chaji ya mchana, duru 10: mapato 30,000, umeme 1,640, baki 28,360.

Kwa hiyo chombo kilekile kinaweza kumpa mtu hasara ya shilingi 2,650 kwa siku au faida ya 5,860 kikilinganishwa na petroli. Kinachotenganisha matokeo hayo mawili ni saa moja na nusu ya plagi.

Jambo hili ni zito zaidi kwa dereva wa mkataba, anayepeleka hesabu kwa bosi kila siku hadi chombo kiwe chake. Hesabu ikiwa shilingi 10,000, dereva wa petroli anabaki na 12,500, wa umeme asiye na chaji ya mchana anabaki na 9,850, na mwenye chaji anabaki na 18,360. Bosi hupokea 10,000 ileile kwa wote watatu. Hivyo anayechagua chombo bila kumshirikisha dereva anachezea fedha ya mwenzake, na dereva akishindwa hesabu, chombo kitarudi nyumbani kwa bosi.

Kwa chombo cha kubadilishia betri, kipimo ni chepesi. Kilomita 70 kwa petroli hugharimu shilingi 5,250 katika mfano huu. Ada ya betri moja ikifikia kiasi hicho, nafuu ya mafuta imekwisha. Na kama kituo kiko mbali, kilomita za kwendea betri zitolewe kwenye umbali wa biashara.

USHAURI KWA MNUNUZI

Mwenye plagi ya uhakika karibu na kijiwe anaweza kununua chombo cha betri iliyofungwa ndani, ambacho hakina kazi ya kubeba betri. Mpangaji anayeishi mbali na kijiwe atafute betri ya kuchomoa, na kama mtaji unatosha, betri ya pili. Chombo cha kubadilishia kinunuliwe pale tu ambapo kituo kipo na kinafanya kazi, si pale kilipoahidiwa.

Bei ya kununulia nayo ipimwe kwa siku. Chombo cha umeme kikizidi cha petroli kwa shilingi 1,500,000, faida ya 5,860 itairudisha tofauti hiyo kwa siku 256 za kazi, yaani miezi kumi hivi. Betri ikifa kabla ya hapo, mnunuzi hajapata kitu. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na mwenye kufikiria ununuzi arudie hesabu hii kila bei mpya inapotoka.