Malengelenge ya Mtoto Hayatoki kwa Ng'ombe
Somo juu ya ugonjwa wa mikono, miguu na kinywa



Somo la leo linatoka kwenye swali. Tulikuwa tunazungumza juu ya samadi pamoja na walimaji wa mboga wa kando ya mto Kafubu. Mama mmoja akainua mkono: "Mutoto yangu iko na bilonda mu kinywa na ku mikono. Bananiambia ni ugonjwa ya bangombe. Niuzishe mbuzi yangu?" Wengine waliitika, maana nao walikuwa wamesikia vile.

Hapana, mama. Usiuze mbuzi. Mbuzi hana kosa. Lakini ni vizuri tujue kosa ni la nani, ili tujue pa kuziba.

Magonjwa mawili, majina yanafanana

Ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe wanapata ugonjwa wa miguu na midomo. Mnyama anatoa mate mengi, anachechemea, maziwa yanapunguka. Huo ni ugonjwa wa wanyama, na mfugaji anapaswa kumwita munganga wa mifugo.

Watoto wetu wanapata ugonjwa mwingine: wa mikono, miguu na kinywa. Unatoka kwa virusi vinavyoitwa enterovirusi, na vinapita kutoka mtu kwenda kwa mtu. Virusi hivi na vile vya ng'ombe ni wa ukoo mmoja mkubwa, lakini kila kimoja kina nyumba yake. Mtoto hakuupata kwenye zizi. Aliupata kwa mtoto mwenzake, au kwa mtu mzima mwenye virusi asiyeonyesha alama yoyote.

Virusi vinafanya nini ndani ya mwili

Mtoto mgonjwa anatoa virusi kwa mate, kamasi, maji ya malengelenge, na zaidi ya yote kwa kinyesi, yaani mavi. Mama anamfuta, anasahau kunawa, anakanda bukari. Au watoto wanachangia kikombe kimoja. Virusi vinaingia kinywani.

Vijidudu vingi vinakufa katika uchungu wa tumbo. Hivi havifi. Vinaanza kuongezeka kooni na ndani ya utumbo. Vinaongezeka namna gani? Fikirini yule mdudu wa ghalani anayetaga yai ndani ya punje ya mahindi. Huoni kitu kwa nje. Ndani, mtoto wa mdudu anakula, anakomaa, halafu anatoboa na kutoka, na punje inabaki ganda tupu. Virusi vinafanya kazi inayofanana na hiyo. Kimoja kinaingia ndani ya chembe ya mwili, kinailazimisha kutengeneza virusi vingine vingi sana, halafu chembe inapasuka na wote wanatoka kutafuta chembe nyingine.

Kutoka utumboni vinaingia kwenye damu, na damu inavipeleka kwenye ngozi na kinywa. Kwa kawaida siku 3 mpaka 6 zinapita kabla ya alama kuonekana. Kwanza moto kidogo na koo kuuma. Kisha vidonda kinywani, na vipele au malengelenge kwenye viganja, nyayo, mara nyingine matakoni. Wanaoshikwa zaidi ni watoto wa chini ya miaka 5.

Mtoto anapona ndani ya siku 7 mpaka 10, lakini kinyesi chake kinaendelea kutoa virusi kwa majuma kadhaa. Hapa ndipo wengi tunakosea: vidonda vimekauka, tunaacha sabuni, na mtoto wa jirani anaanguka. Tena, baada ya mwezi mmoja au miwili, kucha za mtoto zinaweza kutoka. Si uchawi. Ni alama ya ugonjwa uliopita, na kucha mpya zinaota.

Ndugu yake tunamjua

Polio nayo ni enterovirusi. Mwaka 2017 mlipuko wa polio ulitangazwa Haut-Lomami, na mwaka 2018 ulifika hapa kwetu Haut-Katanga. Ulitoka kwa virusi vilivyodhoofishwa vya matone ya chanjo. Kule ambako watoto wengi hawakuchanjwa, virusi hivyo vilipita kwa muda mrefu kutoka mavi ya mtoto mmoja hadi kinywa cha mwingine, mpaka vikarudisha nguvu. Ndiyo maana wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba: mahali watoto wote wamechanjwa, virusi vinakosa njia.

Basi, njia ni ileile: kutoka choo kwenda kinywani. Lakini jueni kwamba matone ya polio hayazuii malengelenge haya. Uchina iliruhusu chanjo ya aina moja, enterovirusi 71, mwaka 2015. Kwetu sisi chanjo ni sabuni.

Kumtunza mtoto nyumbani

Hakuna dawa ya kuua virusi hivi. Antibiotiki haisaidii, usipoteze feza ya mbegu kwa kuinunua. Adui wa kwanza ni kiu. Mtoto anakataa kunywa kwa sababu kinywa kinauma, na mwili unakauka.

Mpe maji safi, maziwa ya mama au uji mwepesi uliopoa, kidogo kidogo, mara nyingi. Acha pilipili, limau na chakula cha moto. Kama anaharisha au anatapika, mpe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Kwa moto na maumivu, parasetamoli kwa kipimo cha munganga. Aspirini hapana. Usipasue malengelenge.

Mpeleke haraka kwenye kituo cha afya kama:

- hakojoi kwa saa 8, macho yameingia ndani, analia bila machozi;
- moto unapita siku 3;
- anashtukashtuka akilala, anayumba akitembea, au mkono au mguu umelegea;
- anatapika sana, anahema mbio, au amelegea na haamki vizuri.

Hapana kucheza na alama hizi. Kwa kawaida ugonjwa ni mwepesi, lakini enterovirusi 71 inaweza kuingia kwenye ubongo. Taiwani, mwaka 1998, watoto 78 walikufa.

Na kuna sababu nyingine ya kumwonyesha munganga. Mpox nayo inaleta moto na vipele, hata kwenye viganja na nyayo, na nchi yetu inaijua vizuri. Usikisie mwenyewe. Uliza.

Kazi ya koperative

1. Sabuni na maji karibu na choo, na mahali pa kuuzia mboga. Dawa ya alkoholi ya kupaka mikononi peke yake haitoshi, maana virusi hivi vinaihimili. Sabuni na maji yanayotiririka vinaviosha.
2. Mavi ya mtoto yatupwe chooni, si mtoni wala kwenye bustani. Nepi zisifuliwe mahali tunapooshea mboga.
3. Mtoto mgonjwa abaki nyumbani, asiletwe kwenye kundi la watoto shambani.
4. Vikombe na vitu vya kuchezea vioshwe kwa sabuni, kisha kwa maji ya javeli, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Yule mama alituuliza tena: "Sasa ile mbuzi?" Tukamwambia amuache ale majani yake, yeye aende kununua kipande cha sabuni. Watu walicheka, lakini jioni ile alikipeleka nyumbani.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

- Kwetu, mtu akitoka chooni ananawa wapi kabla ya kugusa mboga?
- Mtoto akipona, tutaendelea kunawa kwa muda gani, na kwa nini?
- Kituo cha afya kilicho karibu kiko wapi, na usiku nani ana pikipiki ya kumpeleka mtoto?