Pampu ya Mafuta Isiyonguruma: Pima Umeme Kabla ya Kununua

Mlaji mwenye gari kuukuu, hasa lile alilolinunua likiwa bovu kwa nia ya kulifufua kidogo kidogo, hukutana mapema na kauli hii: "Pampu imekufa." Hutamkwa upesi, mara nyingi kabla boneti haijafunguliwa, na huandamana na bei. Pengine ni kweli. Lakini pampu ya mafuta ya umeme ni mwisho wa safari ndefu ya waya unaoanzia kwenye betri, unaopita kwenye fyuzi, relei na viungio, ukateremka chini ya zulia hadi kwenye tangi. Umeme ukikatika popote njiani, pampu hunyamaza vilevile kana kwamba imekufa.

Chukua mfano wa mkazi wa Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, mwenye Toyota Corolla ya miaka ya 1990 iliyokaa miaka chini ya mwembe. Mwaka 1872 David Livingstone alikaa hapo Kwihara takriban miezi mitano akisubiri wapagazi kutoka pwani, na tembe lake lingali makumbusho. Siku hizi kipuri kutoka Dar es Salaam hufika kwa basi. Kilichobaki vilevile ni hasara ya kuletewa kitu ambacho hakikuhitajika. Wauzaji wengi wa vipuri hukataa kurudishiwa kifaa cha umeme kilichokwisha kufungwa, na hoja yao ina uzito, kwani kifaa cha namna hiyo huweza kuunguzwa na waya mbovu za gari lenyewe. Ndiyo maana kipimo hutangulia ununuzi.

Kabla ya lolote, usalama. Mvuke wa petroli huwaka kwa cheche ndogo kuliko unavyoweza kuiona. Gari lipimwe nje, penye hewa, pasipo na jiko wala sigara karibu, na mtungi wa poda wa kuzimia moto uwe mkononi. Vipimo vyote vinavyoelezwa hapa hufanyika bila kufungua tangi. Fundi akitaka kutoa pampu na kuijaribu kwa kugusisha waya za betri pembeni ya tangi lililo wazi, mzuie, hata kama amekwisha kufanya hivyo mara mia.

Fikiria sasa injini inayozungushwa vizuri na stata lakini haiwaki. Swali la kwanza si pampu, bali ni hili: je, plagi zinatoa cheche? Katika magari mengi yenye mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme, kompyuta huiruhusu pampu kufanya kazi pale tu inapopata taarifa kwamba injini inazunguka, na taarifa hiyohiyo ndiyo inayotumika kuwasha plagi. Ikiwa cheche haipo na pampu nayo kimya, yaelekea taarifa hiyo haifiki, na pampu mpya haitasaidia kitu. Watu wengi wamebadilisha pampu mbili kwa ajili ya kihisio kimoja.

Swali la pili ni la sikio. Inasemwa kwamba ukifungua swichi ya ufunguo utasikia pampu ikinguruma sekunde mbili ndani ya tangi. Hivyo ndivyo ilivyo kwa magari mengi, lakini si yote. Toyota nyingi za miaka ya 1990 huipa pampu umeme wakati stata inapozunguka na baada ya injini kuwaka, si kabla. Ukimya wa kufungua swichi peke yake, kwa gari kama hilo, haushuhudii ubovu wowote.

Toyota hizo zina msaada ambao mafundi wengi wanaujua na wachache huutumia. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cha plastiki chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSIS, na ndani yake mna matundu yenye herufi. Mawili kati yake ni +B na FP. Hakikisha kwanza fyuzi ya mfumo wa mafuta ni nzima, kisha fungua swichi bila kuwasha injini na unganisha matundu hayo mawili kwa kipande cha waya. Umeme utaikwepa relei na kwenda moja kwa moja kwenye pampu. Pampu ikinguruma, basi yenyewe inazunguka, na waya wa kwenda tangini unapitisha umeme. Tafuta kosa kwenye relei au kwenye kinachoiamuru relei. Isiponguruma, kosa liko mbele zaidi, kati ya kisanduku na tangi, au ndani ya pampu. Soma herufi kwa makini, kwa maana kuunganisha matundu yasiyohusika huweza kuharibu kompyuta. Gari lisilo na kisanduku hicho hupimwa kwenye soketi ya relei kwa kufuata mchoro wa umeme wa gari hilohilo, si wa "linalofanana nalo".

Hatua inayofuata ndiyo inayoamua, na ndiyo inayorukwa zaidi. Inua kiti cha nyuma, ondoa kifuniko cha bati, utaona kiungio cha waya za pampu. Multimita ya kawaida yatosha. Pima volti kwenye kiungio hicho kikiwa kimechomekwa na pampu imeamriwa kufanya kazi. Kiungio kikichomolewa, waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utakuonyesha volti 12 kamili, kwa sababu hauna mzigo wa kubeba. Ukitwishwa ampea tano za pampu, volti zitaporomoka hadi saba. Mzigo ndio unaoufichua ubovu. Hapo fundi aliyepima kwa haraka huapa kwamba umeme upo, na mwenye gari akalipa.

Betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi. Ikiwa kwenye pampu unapata pungufu ya chini ya volti moja na pampu haizunguki, kauli ya fundi imethibitika: pampu imekufa, nenda ukanunue. Ukipata volti tisa au nane, pampu yaweza kuwa nzima ikinyimwa chakula. Kabla ya kulaumu waya wa kuleta umeme, pima ule wa kuurudisha, ambao mafundi huuita ethi. Weka ncha moja ya mita kwenye waya wa ethi wa pampu na nyingine kwenye ncha hasi ya betri, pampu ikiwa imeamriwa kufanya kazi. Usomaji uwe karibu na sifuri; nusu volti ni dalili ya kutu pale waya ulipofungiwa kwenye bodi. Gari lililopita masika kadhaa likiwa limeegeshwa kwenye majani, huo ndio ugonjwa wa kuudhania kwanza. Tiba yake ni msasa na boliti mpya.

Magari yaliyopitia mikono mingi yana ugonjwa mwingine, ambao haumo katika kitabu cha mtengenezaji. Mwenye gari wa zamani aliogopa wezi, akamwita fundi akate waya wa pampu na kuweka swichi ya siri chini ya usukani au nyuma ya redio. Gari likauzwa, siri haikuuzwa. Baada ya miaka swichi hiyo ya bei ndogo huungua ndani. Ukinunua gari kuukuu, muulize muuzaji waziwazi kama ipo. Vivyo hivyo, baadhi ya Land Rover na Ford za petroli zina swichi ya usalama inayokata pampu gari linapogongwa. Mtikisiko mkali wa barabara mbovu nao huweza kuifyatua, na huirudisha kwa kubonyeza kitufe tu.

Gari likizimika likiwa na joto na kuwaka likipoa, ishuku relei pamoja na pampu. Risasi ya kuunganishia ndani ya relei hupasuka kwa joto na kuachana, hasa katika Honda za miaka hiyo. Mlio wa "tiki" wa relei si ushahidi kwamba inapitisha umeme. Hupimwa kwa volti zinazotoka, pampu ikifanya kazi.

Ikithibitika kwamba pampu ndiyo mbovu, uliza kilichoiua. Pampu iliyomo tangini hupozwa na petroli inayoizunguka, hivyo mazoea ya kutembea na taa ya mafuta ikiwaka huifupishia maisha. Petroli ya kwenye chupa kando ya barabara huleta maji na mchanga. Nunua kwenye kituo chenye leseni ya EWURA. Tangi la gari lililokaa muda mrefu lisafishwe kutu kwanza, la sivyo pampu mpya itafuata ile ya zamani.

Unapolipa, dai risiti ya EFD yenye jina la kipuri, na mwombe fundi aandike volti alizopata na akukabidhi pampu ya zamani. Pampu ni yako hata ikiwa mbovu, na mara nyingine utagundua si mbovu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora unaokubalika, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kauli zinazompotosha mlaji. Kipuri chenye nembo ya kughushi hulalamikiwa Tume ya Ushindani; peleka risiti, boksi lake na kipuri chenyewe, bila kukifungua wala kukisafisha.