Nauli, Udalali na Siku za Kungoja: Nasaha kwa Wenye Malori wa Lumino, Busia na Tororo

Tangu barabara ya lami itokayo Musita, ikapita Mayuge na Namayingo, ilipofika Lumino na kugawanyika, tawi moja likishukia ziwani Majanji na jingine likielekea mpakani Busia, mji huu mdogo umekuwa mahali ambapo mahindi, mihogo mikavu na dagaa waitwao mukene hungojea malori, na malori nayo aghalabu hungojea mizigo. Na baina ya wawili hao wangojao hakosekani mtu wa tatu, naye ni dalali.

Kijitabu hiki kimekusudiwa mwenye gari moja au mawili, pamoja na dereva aliyepewa idhini ya kupatana kwa niaba ya tajiri wake. Hatukukiandika ili kumshutumu dalali. Mtu ajuaye ni nani huko Kisumu anayetaka magunia mia leo hii, na ni nani hapa Lumino aliye nayo ghalani, ana maarifa yenye thamani, na ujira wake ni halali madhali umetajwa bayana. Taabu huanza pale mwenye mali asipojua ni kiasi gani kinachomfikia msafirishaji, na msafirishaji naye asipojua mwenye mali ametoa ngapi, ilhali mmoja tu aliye katikati ndiye azijuaye pande zote mbili za hesabu.

Chukua mfano huu, ambao tarakimu zake tumezitunga wenyewe ili hesabu iwe nyepesi. Mwenye mahindi ampa dalali shilingi 1,500,000 za Uganda kwa safari moja ya Fuso, na dalali amwambia dereva kwamba nauli ni 1,200,000. Pengo ni 300,000, yaani asilimia 20 ya kilichotolewa na mwenye mali. Lakini likipimwa kwa kile alichopokea dereva, ni asilimia 25. Kwa hiyo dalali akikuambia kwamba ada yake ni asilimia fulani, muulize papo hapo: ya fungu lipi? Na mzigo uliopita mikononi mwa madalali wawili au watatu, kila mmoja akimega chake, humfikia dereva ukiwa na nauli iliyokwisha kukonda, hata ubishi wake na yule wa mwisho hauna faida, kwani aliyekula zaidi hayupo pale. Fauka ya hayo iko chembe nyingine isiyotazamwa sana: nauli hupatanwa kwa shilingi za Kenya, ikalipwa kwa za Uganda, kwa bei ya kubadilishia ambayo dalali ameichagua mwenyewe. Pataneni fedha ya malipo kabla ya kufunga turubali.

Wako wadhanio kwamba leseni ya wakala wa forodha, itolewayo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ni hakikisho la uaminifu katika nauli. Leseni hiyo ni ya kazi ya forodha, na dalali wa malori ni mtu mwingine hata akikaa ofisi hiyo hiyo. Huko Marekani sheria imekwenda mbali zaidi: dalali wa mizigo sharti aweke dhamana ya dola 75,000, na kila mhusika wa muamala ana haki ya kukagua kumbukumbu zake. Hata hivyo madalali wengi wa huko huwataka wenye malori watie saini ya kuiachilia haki hiyo, jambo lionyeshalo kwamba sheria peke yake haimtoshi mtu asiyesoma anachotia saini.

Lakini pengo la nauli, kwa rai yetu, silo linalowafilisi wenye malori wengi. Kinachowafilisi ni siku.

Turudi kwenye mfano wetu. Katika ile 1,200,000 aliyopokea dereva, ondoa mafuta 550,000, posho ya dereva na utingo 100,000, maegesho na mengineyo ya njiani 50,000, na akiba ya tairi na matengenezo 200,000; zabaki 300,000, na kwa safari ya siku tatu gari limeingiza 100,000 kwa siku. Sasa gari hilo likae siku nne zaidi mpakani, likila 40,000 kila siku kwa posho na maegesho. Masalio hushuka hadi 140,000, nazo zikigawanywa kwa siku saba, ni shilingi 20,000 tu kwa siku. Dereva aliyeshindana na dalali asubuhi nzima ili aongezewe 50,000, asiseme neno lolote juu ya siku za kungoja, ameziba tundu la sindano na kuacha mlango wazi.

Na siku hizo si za kufikirika. Ni kweli kwamba kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichofunguliwa rasmi na marais wa Kenya na Uganda mnamo Februari 2018, kiliwapunguzia wasafiri kazi ya kukaguliwa mara mbili. Lakini tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, na malori yaliyokwisha kupakiwa yakakwama Busia na Malaba. Na ijapokuwa marufuku iliondolewa siku chache baadaye, lilikuja sharti la cheti kuonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, na asiye na cheti akabaki pale pale. Mwezi wa Januari 2022 madereva waligoma kwa sababu ya malipo ya vipimo vya Korona yaliyotakiwa upande wa Uganda, na foleni ya Malaba ikarefuka kilomita nyingi ndani ya Kenya. Katika hali zote mbili dereva hakuwa na kosa, na aghalabu nauli yake haikuongezeka, kwa kuwa mapatano hayakutaja kungoja.

Basi katika mapatano yako mambo machache ni ya lazima: nauli yote na ada ya dalali, kila moja peke yake, arubuni ya kutosha mafuta, nani alipe faini ya mizani iwapo mwenye mali amezidisha uzito, nani mwenye jukumu la vyeti vya mzigo, na malipo ya kila siku ya kungoja, yakianza baada ya saa mlizokubaliana, awe aliyechelewesha ni mwenye mali, forodha au mpokeaji. Dalali akisema kwamba mwenye mali hatakubali hayo, mwombe ampigie simu mwenye mali, uzungumze naye. Wengine hukataa, na kukataa kwao ni jibu.

Yaandikwe. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 hutaka mkataba wa thamani inayozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi, na ujumbe wa simu unaoweza kusomwa tena baadaye huhesabiwa kuwa maandishi. Kwa hiyo hata mkiwa mmepatana kwa mdomo kando ya lori, mtumie dalali ujumbe wenye maneno yale yale, umwombe ajibu “nimekubali”, wala usiufute baada ya kulipwa nusu.

Deni likikataliwa, huko Uganda iko njia ya madai madogo, yasiyozidi shilingi 10,000,000, ambayo haihitaji wakili. Ulizia kwa karani wa mahakama ya hakimu iliyo karibu. Huko Kenya iko Mahakama ya Madai Madogo, ipokeayo madai hadi shilingi 1,000,000 za Kenya, na sheria huitaka itoe hukumu ndani ya siku 60. Nenda na ujumbe ule, hati ya kupokelea mzigo iliyopigwa muhuri na tarehe, na stakabadhi za maegesho ya kila siku uliyolala mpakani.