Vidokezo: Shaba na chuma visigusane kwenye maji moto

Julai ikifika na baridi kutanda Ruiru na Thika, kila nyumba hukumbuka tangi la sola lililo juu ya paa. Panda ukague maungio. Pale shaba nyekundu inapoungana na chuma, maji huzigeuza metali hizo mbili kuwa betri: chuma huliwa, shaba hubaki salama.

1. Fuata mkondo. Bomba la GI (chuma kilichopakwa zinki) litangulie, la shaba lifuate. Maji yakianzia kwenye shaba hubeba chembe zake hadi kwenye GI, na zinapotua, vishimo huanza. Maji yakiwa yanazunguka kati ya tangi na paneli, usichanganye kabisa.

2. Tenganisha. Tumia yunioni yenye washa ya mpira na bushi ya plastiki. Tepu nyeupe peke yake haitoshi, kwa sababu meno ya thredi huikata na metali zikagusana. Mwaka 1763 Waingereza walikagua meli yao ya kivita, HMS Alarm, iliyovikwa shaba, wakakuta misumari ya chuma imeoza. Iliyopona ni ile iliyokuwa bado imekingwa na karatasi. Washa yako inafanya kazi ya karatasi ile. Kipande cha bomba la plastiki la PPR la maji moto nacho hufaa, ila kikae mbali na paneli, maana joto la pale huweza kukilainisha.

3. Usisahau umeme. Ukiweka plastiki kati ya mabomba, umekata njia ambayo huenda umeme uliovuja ulikuwa ukiitumia kwenda ardhini. Shawa ya umeme iwe na waya wake wa athi. Hapa sikubali mjadala: muite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati.

4. Fungua tangi uitazame fimbo ya magnesiamu. Imewekwa humo iliwe badala ya tangi, na wengi hawajui kwamba ipo. Ikague kila mwaka, hasa ukitumia maji ya kisima yenye chumvichumvi, kwani hayo hupitisha umeme upesi na kuimaliza mapema. Ukikuta umebaki waya mtupu, nunua nyingine wiki hiyo hiyo. Tangi bei yake unaijua.

5. Bomba la shaba lisidondoshe maji juu ya mabati. Matone hayo hula zinki, na paa litatoboka papo hapo yanapoangukia.