Tarihi Isiyo na Tarehe: Kalenda ya Chama cha Historia katika Maungu na Kasigau

Utangulizi

Chama chochote cha historia ya mahali hujitambulisha kwa kalenda yake. Mihadhara, ziara za makaburini, maonyesho ya picha, usiku wa masimulizi, siku ya kuwaenzi wazee: shughuli hizi zikishapangwa kuanzia Januari hadi Desemba, huwa tayari imeamuliwa ni nani atakumbukwa na ni nani atapitwa. Hata hivyo, mwanafunzi wa fasihi simulizi ni nadra kuitazama kalenda hiyo. Huiona kuwa kazi ya katibu wa chama, wala haioni kuwa matini ya kuchambuliwa. Makala haya yanaichukulia kalenda kuwa matini, na swali lake ni moja: mwaka wa shughuli za historia ungepangwaje Maungu, mji mdogo ulioko kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, kabla ya kufika Voi, ili mwaka huo uwe wa watu wa hapo?

Istilahi mbili zitatusaidia. Katika uainishaji uliozoeleka katika shule na vyuo vya Kenya, tarihi ni masimulizi ya matukio yaliyopangwa kwa kufuata wakati yalipotokea, ilhali kisakale ni masimulizi ya kale kuhusu asili ya jamii, uhamaji wake na watu wake mashuhuri. Katika Taita Taveta tanzu hizi zimegawanywa kwa namna ya ajabu kidogo. Tarihi wameachiwa wamisheni na majeshi, ambao waliandika kila siku walipolala na walipoamkia. Visakale wameachiwa wenyeji. Matokeo yake ni kwamba mgeni ana tarehe, na mwenyeji ana "hapo kale".

Maungu: mji wa wapitao

Kabla ya kuwa mji, Maungu ilikuwa maji. Misafara iliyotoka pwani kupitia Rabai iliikabili nyika ya Taru, na baada ya Taru wapagazi walitembea mwendo mrefu bila kupata maji mpaka kwenye vilima vya Maungu, ambako maji ya mvua yalikusanyika katika mashimo ya mwamba, yaani ngurunga. Mwaka ngurunga zilipokauka, msafara uliweza kupoteza watu. Joseph Thomson alipita njia hiyo mwaka 1883 akielekea Taveta na nchi ya Wamasai. Reli ya Uganda, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896, ilifuata upande huohuo, na barabara ya lami ikaifuata reli. Jambo moja halijabadilika: aliyeko Maungu, mara nyingi, yumo safarini.

Hali hii ina athari kwa anayetaka kuanzisha chama cha historia hapo. Wakazi wa Maungu ni mchanganyiko. Wapo Wadawida walioshuka kutoka milimani, Wasaghala, Wakasigau, Wakamba, Waduruma, na wengine walioletwa na ranchi, reli au malori. Chama kikianza na swali la nani alitangulia kufika, kitagawanyika kabla ya mkutano wa pili. Kinahitaji mhusika ambaye kila mmoja anaweza kumdai, na mhusika huyo yupo: ni mpagazi. Aliyabeba mizigo ya misafara katika karne ya 19, na katika vita vya 1914 hadi 1918 akabeba mizigo ya jeshi.

Kalenda iliyo rahisi

Ni rahisi mno kuipangia Taita Taveta mwaka wa kumbukumbu kwa kutumia vita hivyo. Tarehe zipo tayari. Tarehe 15 Agosti 1914 Wajerumani waliuteka mji wa Taveta. Mwaka 1915 Waingereza walijenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Maktau. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, Luteni Wilbur Dartnell alikataa kuwaacha majeruhi wake akauawa pamoja nao. Akatunukiwa nishani ya Victoria baada ya kufa, na kaburi lake liko Voi. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini walishindwa katika kilima cha Salaita, na tarehe 11 na 12 Machi mwaka huohuo yakafuata mapigano ya Latema na Reata. Ongeza 11 Novemba, siku ambayo dunia huadhimisha mwisho wa vita hivyo, na kalenda imekamilika bila kumsikiliza mzee hata mmoja.

Si kwamba tarehe hizi hazina maana. Makaburi ya vita ya Voi, Maktau na Taveta yametunzwa vizuri, na mwanafunzi anayeyatembelea hujifunza mengi kuhusu namna dola inavyokumbuka. Hujifunza zaidi akihesabu wasiokuwamo. Takwimu rasmi za Waingereza zilikiri kwamba wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa katika vita vya Afrika Mashariki, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Geoffrey Hodges, katika utafiti wake kuhusu kikosi cha wapagazi uliochapishwa mwaka 1986, alionyesha kuwa idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Kikosi hicho ndicho kilichotuachia jina Kariakoo katika Dar es Salaam na Kariokor katika Nairobi. Sanamu ya ukumbusho ya Nairobi, iliyowekwa mwaka 1928, ina maandishi ya Kiswahili pia, lakini haina jina la mtu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti ikikiri kwamba waliokufa wapatao 116,000, na pengine zaidi sana, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo katika wilaya moja tunajua hatua ya ardhi alipolala luteni mmoja, na hatujui maelfu waliombebea maji walilala wapi.

Kasigau, 1915

Kutoka Maungu barabara ya vumbi huelekea kusini hadi mlima wa Kasigau, wenye vijiji vya Rukanga, Makwasinyi, Jora, Kiteghe na Bungule kwenye miguu yake. Mlima huu umo katika maandishi tangu Oktoba 1847, wakati Johannes Rebmann alipoutembelea kutoka Rabai. Yeye aliuita Kadiaro. Miezi saba baadaye, Mei 1848, katika safari iliyofuata, aliiona theluji ya Kilimanjaro. Vitabu vya shule vinaikumbuka safari ya pili na kuisahau ya kwanza.

Mwaka 1915 Kasigau ilikuwa mpakani mwa vita. Vikosi vya Wajerumani vilipita nyikani kwenda kuilipua reli, na Waingereza wakawashuku wenyeji wa mlima kuwa wanawasaidia. Adhabu ilikuwa ya watu wote. Vijiji vilichomwa moto, na Wakasigau wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi, mbali na mashamba yao, makaburi yao na hewa waliyoizoea. Wengi walifia huko. Waliosalia hawakurejea mlimani mpaka miaka ya 1930. Mwishoni mwa 1915 Wajerumani waliushika mlima wenyewe kwa muda, na ndilo tukio linalotajwa katika historia nyingi za vita. Uhamisho, uliodumu karibu miaka ishirini, hupewa sentensi moja au mbili. Kazi ya wanaakiolojia Chapurukha Kusimba na Sibel Kusimba ndiyo iliyosaidia kuuingiza katika maandishi ya kitaaluma.

Hapa ndipo kalenda ya majeshi inapokwama. Uhamisho hauna siku moja. Ulianza katika mwezi fulani wa 1915, lakini kwa aliyehamishwa ulikuwa kila asubuhi ya Malindi. Kuupa tarehe moja ya maadhimisho, yenye hotuba na mahema, ni kuulazimisha ufanane na mapigano. Masimulizi yenyewe yanaelekea kupangwa kwa watu: nani alikufa wapi, nani alizaliwa ugenini, ni ukoo upi uliorudi ukakuta msitu umemeza ngazi za mashamba. Hii ni tarihi pia. Ina mfuatano, ina sababu na matokeo. Inakosa nambari tu.

Majina ya njaa

Wadawida na majirani zao walikuwa na mpangilio wao wa wakati, nao ulishika majina ya njaa. Njaa ya Mwakisenge ya katikati ya miaka ya 1880 ni mfano maarufu. Mtu alizaliwa kabla ya Mwakisenge au baada yake. Ndoa, deni na uhamaji vilipimwa kwa kipimo hicho. Njaa hiyohiyo ilimkuta J. A. Wray, mmisheni wa CMS aliyefika Saghala mwaka 1883, na kwa hiyo inaweza kusomwa pia katika barua za misheni. Mtafiti anapata bahati isiyo ya kawaida: tukio moja, mifumo miwili ya kuhesabu wakati. Jan Vansina alisisitiza katika kazi zake tangu 1961 kwamba mapokeo simulizi hayana budi kuhakikiwa kama hati yoyote nyingine. Hapa uhakiki unaweza kwenda pande zote mbili, kwa kuwa barua ya mmisheni nayo ina msimulizi, hadhira na shida zake za fedha.

Jinsi ya kuupanga mwaka

Kutokana na hayo, makala haya yanapendekeza mwaka unaofuata mvua badala ya vita. Hoja ya kwanza ni ya kawaida sana: hakuna atakayehudhuria baraza la historia wakati wa kupanda. Masika huanza Machi na vuli Oktoba au Novemba, na katika nyanda za Maungu vuli ndiyo inayotegemewa zaidi. Miezi ya kiangazi, Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba, ndiyo miezi ya watu kukaa na kusimuliana.

Kiangazi cha kwanza kifae masimulizi ya maji na njaa. Ziara ya kupanda vilima vya Maungu kutafuta ngurunga, wanafunzi wakiongozwa na wachungaji wanaozijua, ingefundisha zaidi kuliko mhadhara. Kiangazi cha pili kiwe cha Kasigau, nacho kisifanywe sherehe. Kiwe mfululizo wa jioni katika vijiji, ukoo kwa ukoo, wazee wakisimulia na vijana wakirekodi. Tarehe za vita zinaweza kubaki, kila moja ikiambatanishwa na swali ambalo kumbukumbu rasmi haikuliuliza: Februari, mbele ya Salaita, nani alibeba risasi? Siku ya Mashujaa, 20 Oktoba, ambayo kabla ya Katiba ya 2010 ilikuwa Siku ya Kenyatta, ingefaa kuwakumbuka viongozi wa Taita Hills Association, chama kilichotetea ardhi na kupigwa marufuku mwaka 1940 pamoja na KCA na chama cha Wakamba. Mengine yatajipanga.

Kuna mahali ambapo chama hakina budi kujizuia. Wataita wa zamani waliyahifadhi mafuvu ya wazee wao katika mapango yanayoitwa ngomenyi, na misitu ya Fighi ilikuwa ngome ya kiroho ya mipaka yao. Vijitabu vya utalii huvitaja vitu hivi kwa furaha nyingi. Chama cha historia kisivitie katika orodha ya ziara kwa sababu tu vinavutia picha. Wenye ngomenyi ndio wenye kusema, na jibu la hapana ni jibu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 kuhusu ulinzi wa maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inawapa uzito wa kisheria katika jambo ambalo adabu peke yake ilipaswa kulitosheleza.

Suala la lugha

Katika mji wenye mchanganyiko, Kiswahili ndicho kitakachounganisha hadhira, na wapenzi wa Kiswahili hufurahia jambo hilo upesi mno. Simulizi ya mzee wa Kasigau ikianza kurekodiwa kwa Kiswahili, hupungua. Majina ya miti, ya mawe, ya hatua za kilimo, ya aina za majonzi, huachwa njiani kwa kuwa msimulizi anamwonea mgeni huruma. Utaratibu bora ni kurekodi kwa lugha ya nyumbani kwanza, kisha msimulizi huyohuyo, akitaka, aseme tena kwa Kiswahili siku nyingine. Tafsiri ya mwanafunzi ije ya tatu. Kinachopatikana baina ya masimulizi hayo mawili, yaani kile mzee alichoona hakisemeki kwa lugha ya barabarani, ni mada inayoweza kubeba tasnifu nzima. Nakala ya kila rekodi ibaki kijijini, katika shule au kanisa au msikiti, kwa sababu kanda nyingi za watafiti wa zamani zimeishia katika makabati ya vyuo vya mbali na aliyesimulia hakuisikia sauti yake tena.

Suala la mwisho ni la haraka. Mtoto aliyerudishwa Kasigau akiwa na umri wa miaka mitano katikati ya miaka ya 1930 alizaliwa karibu 1930, na leo angekuwa anakaribia miaka mia. Waliozaliwa Malindi na kukumbuka safari ya kurudi karibu wote wameondoka. Waliopo ni watoto wao, ambao nao ni wazee, na waliyoyasikia waliyasikia jikoni na shambani, bila kujua kwamba siku moja wangeulizwa. Chama kitakachoanzishwa Maungu kinaweza kuahirisha maonyesho ya picha, hata ziara ya Salaita, kwa mwaka mmodi au miwili. Jioni za Kasigau zianze kiangazi kinachofuata.