Michezo ya Watoto Si Uvivu

Wako wazazi hapa kwetu Kenyamonta ambao wamwonapo mtoto akikimbizana na wenziwe hudhani ya kuwa anapoteza wakati bure. Humwita kwa ukali, wakamwambia, "Ewe mvivu, huna kazi?" Nataka kuwaonyesha wazee wangu, kwa heshima, kwamba mtoto achezaye yumo kazini. Anaujenga mwili wake, na kazi hiyo hakuna mtu awezaye kumfanyia.

Tutazame kwanza moyo. Moyo ni msuli, nao hupata nguvu kwa kutumika, kama mkono wa mhunzi. Mtoto akimbiapo, moyo hupiga upesi na mapafu huvuta hewa nyingi. Akifanya hivyo siku zote, moyo wake huzoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo.

Tena tutazame mifupa. Mtoto arukapo kamba, kila akanyagapo chini mifupa ya miguu hupata kishindo, na kishindo hicho huuamsha mwili uiongezee mifupa nguvu. Akiba kubwa ya nguvu hiyo huwekwa katika utoto na ujana; mzee hawezi kurudi nyuma kuiweka. Samaki mkunje angali mbichi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2020, ya kuwa mtoto wa miaka 5 hata 17 apate kwa wastani dakika 60 kila siku za kuutumia mwili mpaka moyo uende mbio. Tena angalau siku 3 katika juma afanye mambo ya kuimarisha misuli na mifupa, kama kuruka na kupanda.

Labda mtu atasema, "Watoto wetu huchunga ng'ombe na kuteka maji, yatosha." Ni kweli, kazi hizo hutia nguvu, wala sisemi ziachwe. Lakini mchungaji aweza kushinda ameketi chini ya mti, na msichana aliyembeba mdogo wake mgongoni hawezi kukimbia wala kuruka. Mara nyingi jioni wavulana wako kiwanjani na mpira wao wa matambara, na dada zao wako jikoni. Je, mifupa ya msichana haihitaji nguvu? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeutaja mchezo pamoja na chakula, mavazi na elimu katika haki ambazo mzazi ana wajibu wa kumpatia mtoto, wala haikumtoa msichana.

Mkoa wetu wa Mara umekwisha kuona matunda ya miguu iliyozoea kukimbia. Suleiman Nyambui, mtu wa Majita, alipata medali ya fedha katika mbio za mita 5,000 kwenye Michezo ya Olimpiki huko Moscow mwaka 1980. Si kila mtoto atakuwa Nyambui, lakini kila mtoto ana moyo na mifupa.

Basi, yafaa tushike mambo haya:

1. Kila siku mtoto apewe saa moja ya kucheza, mvulana na msichana sawasawa. Kazi za jikoni wagawane, ili wote wawahi kiwanjani.

2. Fedha haihitajiwi. Kamba, mpira wa matambara, rede na kombolela vyatosha.

3. Kiwanja kisafishwe miiba na chupa zilizovunjika, nacho kiwe mbali na barabara ya magari.

4. Mtoto mwenye homa apumzike, apelekwe zahanati. Mwenye ugonjwa wa selimundu asizuiwe kucheza kabisa, ila anywe maji mengi, apumzike kila achokapo, wala asikae na nguo mbichi katika baridi.

Jioni ya leo, kabla hujamwita binti yako aje kuchochea moto, mwulize kwanza, "Je, mwanangu, leo umecheza?" Akijibu kwamba hajacheza, chochea moto wewe, umwache aende.