Ndege ya Karatasi: Somo Lisilohitaji Pesa

Mzazi akimkuta mtoto amechana ukurasa wa daftari ili akunje ndege, humgombeza, na ana sababu: madaftari ni ghali. Lakini karatasi iliyokwisha kuandikwa pande zote mbili bado ina somo ndani yake.

Somo huanzia mikononi. Mtoto wa chekechea anayelinganisha pembe za karatasi na kubana mkunjo kwa ukucha huimarisha vidole vile vile vinavyoshika penseli. Hujifunza pia nusu, pembetatu na ulinganifu, kwani bawa moja likiwa kubwa kuliko jingine, ndege hupinda.

Kisha huja sayansi. Msukumo wa mkono huipeleka ndege mbele, hewa inayopita kwenye mabawa huiinua, uzito huivuta chini, na ukinzani wa hewa huipunguzia kasi. Mtoto hahitaji kukariri hayo, ataona mwenyewe. Ndege ikipiga mbizi, ancha za nyuma za mabawa zikunjwe juu kidogo. Ikiinua pua, ikasita hewani na kuanguka, iongezwe uzito mbele. Klipu moja ya karatasi inatosha.

Muhimu ni kubadilisha kitu kimoja tu kila mara. Akibadilisha mabawa na pua kwa pamoja, hatajua ni kipi kilicholeta tofauti. Arushe mara tatu, apime umbali kwa hatua, aandike, kisha alinganishe. Huo ndio utafiti. Desemba 2022, wahandisi vijana nchini Marekani waliweka rekodi ya dunia kwa kurusha ndege ya karatasi zaidi ya mita 88, baada ya kujaribu mara nyingi.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mtoto anayechekwa ndege yake inapoanguka huacha. Anayeulizwa, "Unadhani ni kwa nini imeanguka?" hufikiri, kisha hujaribu tena.

Katiba ya 2010 imezipa serikali za kaunti jukumu la elimu ya chekechea, lakini somo hili halingoji darasa. Wazazi na walezi wanahimizwa kuwawekea watoto karatasi zilizotumika, ili daftari la shule lisiguswe. Watoto wacheze mbali na barabara, pua ya ndege ikunjwe iwe butu, na asirushiwe mtu usoni. Mchezo ukiisha, kila mmoja aokote karatasi zake.